Tazama Uji wa Chuma, Si Mwanga

Ukipita Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, si ajabu kumkuta fundi anachomelea geti kavaa miwani ya jua, uso kaugeuzia pembeni. Na geti linatoka, linasimama. Ndiyo maana anayeanza kujifunza nyumbani humaliza fedha zote kwenye mashine, kofia ya kuchomelea ataitafuta baadaye. Mimi ningeanza na kofia.

Miale ya urujuanimno ya kuchomelea huunguza uso wa jicho, na miwani ya jua si kinga yake. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho yakiwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Hilo wengi wameshalisikia. Lisilosemwa sana ni kwamba asiye na kioo kizuri kwenye kofia hajifunzi. Fundi mkongwe ana mkono uliozoea. Wewe huna budi kuona, na cha kutazama si cheche, ni uji wa chuma ulio nyuma yake. Kwa kioo namba 10 au 11 unauona vizuri. Ukitanuka mno, chuma kinakaribia kutoboka. Ukijirundika juu kama uzi mwembamba, ama mkono unakimbia ama moto ni mdogo.

Mashine ndogo ya inveta inayokubali umeme wa nyumbani inatosha. Tumia vijiti vya E6013 vya milimita 2.5, weka ampea 70 hadi 90, uchore mistari juu ya bamba la milimita 5 au 6. Ncha isiachane na chuma zaidi ya unene wa kijiti chenyewe. Kijiti kikinasa, kitikise pembeni. Kikikataa, kifungue kwenye kishikio.

Skwea paipu isubiri. Nyingi zina ukuta usiofika milimita 2, na kwa moto huohuo zinatoboka upesi. Bomba la zinki lina balaa lake: moshi wake huleta homa, hivyo ondoa zinki kwa grinda kwanza na ufanyie kazi nje. Pipa lililowahi kuwekwa petroli usiliguse kabisa, hata liwe kavu namna gani. Mvuke uliobaki hulipuka.

Ukiunganisha vipande viwili vya kwanza, bana kimoja kwenye jiriwa, kingine ukipige nyundo mpaka mshono ukatike au ukunjike. Ukikatika, chungulia ndani. Ukikuta ganda jeusi limefukiwa humo, rudi kwenye bamba. Kumchomelea shemeji geti bado.