Kidole kimoja, amri mbili: kwa nini fomu inafutika katika simu



Siku hizi orodha nyingi za msaada na za kutafuta ndugu waliopotea zinajazwa katika simu za kugusa. Malalamiko pia. Mara kwa mara tunasikia mtu akisema: aliandika majina ya watoto wote, kisha yakafutika. Hapo lawama zinaanza. Huyu anamshuku kijana aliyeshika simu, yule anasema watu wa kabila lake wameondolewa makusudi. Upendeleo upo, hatuukatai. Lakini mara nyingine kilichofuta majina ni mwendo wa kidole tu.

Kioo cha simu kinatambua kidole kimegusa wapi na kimeelekea wapi. Mwendo huo unasikilizwa na mabwana wawili: ukurasa wenye fomu, na kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za intaneti, kama Chrome. Ukivuta kidole kwenda chini, ukurasa unaelewa kwamba unataka kuona sehemu ya juu. Lakini ukiwa umekwisha kufika juu kabisa, Chrome inaelewa kwamba unataka ukurasa ufunguliwe upya. Unafunguka upya kweli, na maneno ambayo hayajatumwa mara nyingi yanapotea.

Bwana wa tatu ni simu yenyewe. Tangu Android 10, iliyotoka mwaka 2019, simu nyingi zinaweza kutumiwa bila vitufe vitatu vya chini. Katika simu iliyowekwa hivyo, kutelezesha kidole kutoka ukingo wa kioo, kulia au kushoto, maana yake ni kurudi nyuma. Mzee anayetia sahihi kwa kidole akianzia ukingoni anajikuta ametoka katika fomu. (Ramani nazo zina ugomvi wao: unataka kusogeza ramani uonyeshe kijiji chako, unasogea ukurasa mzima. Ndiyo sababu ramani nyingi zinadai vidole viwili.)

Basi majina na miaka ya watoto yaandikwe kwanza katika karatasi. Anayejaza aguse katikati ya kioo, na akifika juu ya ukurasa asiendelee kuvuta. Katika mipangilio ya simu vile vitufe vitatu vinaweza kurudishwa. Kwa simu inayopita mikononi mwa watu wengi, sisi tunaona ni afadhali.

Ninyi viongozi, msikubali kuambiwa kwamba wananchi hawajui simu. Mtengenezaji wa fomu anaweza kuzuia jambo hili. Ipo amri fupi iitwayo overscroll-behavior, ambayo Chrome inaifuata tangu mwaka 2017 na Safari tangu mwaka 2022. Lipelekeeni shirika linaloandikisha jina hilo likiwa limeandikwa, na mwombe pia fomu ihifadhi majibu hatua kwa hatua. Na kabla familia haijaondoka mezani, ionyeshwe katika kioo kwamba fomu yake imepokelewa. Kama haionekani, ijazwe tena papo hapo, mbele yao.