Chuo kinachopumua kama kichuguu

Kama umewahi kusomea darasa la mabati, saa nane mchana unaijua. Mwalimu anaongea, jasho linadondoka kwenye daftari, na huko nyuma kuna mtu amelala fofofo. Si uvivu, wasee. Ni jengo.

Sasa fikiria Turkana, ambako jua halina huruma. Kando ya Ziwa Turkana kuna chuo kiitwacho Startup Lions, kilichokamilika 2021, ambako vijana husomea mambo ya kompyuta. Ukikiona kwa mbali, minara yake mirefu ya rangi ya udongo inafanana na vichuguu vilivyokua kupita kiasi.

Na ndivyo ilivyokusudiwa. Msanifu wake, Francis Kéré, aliiga vichuguu vya mchwa vya eneo hilo. Hewa moto ni nyepesi, kwa hivyo hupanda na kutokea juu ya minara. Ikitoka, hewa safi huvutwa ndani kupitia matundu yaliyoachwa chini. Chumba kinapoa bila feni kunguruma. Mawe ya kujengea nayo yalitoka kwenye machimbo ya huko huko.

Joto la darasani Kéré analijua vizuri. Alizaliwa 1965 kijijini Gando, Burkina Faso, na utotoni alisomea chumba cha matofali ya saruji kisichopitisha hewa, pamoja na wenzake zaidi ya 100. Alipokuwa mkubwa aliwajengea watu wa Gando shule ya msingi, ikakamilika 2001. Wanakijiji wenyewe walifyatua matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo.

Ajabu ni kwamba mabati hakuyatupa. Aliyainua juu kabisa ya dari kama mwavuli, upepo ukawa unapita katikati na kuondoka na joto. Kumbe shida haikuwa bati, ilikuwa pale lilipowekwa! Wanafunzi waliongezeka kutoka 120 hadi 700, na 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Pritzker, tuzo inayoheshimika zaidi katika usanifu wa majengo.

Sisi huku, darasa la Limuru kwenye baridi na la Lodwar kwenye joto mara nyingi ni ramani ileile: kuta nne, bati juu, basi. Aliyeichora hatakaa humo saa nane mchana.