Kufungua Mradi Katika Emacs

Leo tutazungumza juu ya Emacs, programu ya kuandikia programu nyingine za kompyuta. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1976 katika chuo cha MIT, Marekani. Mwenye kuitumia aweza kuibadili apendavyo, hata vitufe vyake.

Programu kwa kawaida si faili moja. Programu ya hesabu za duka yaweza kuwa na faili ishirini ndani ya folda moja. Folda hiyo na vyote vilivyomo ndiyo tunayoiita mradi. Emacs huutambuaje? Hupanda kutoka folda ya faili uliyoifungua kwenda folda za juu yake, mpaka ikute folda iliyofichika iitwayo .git. Hapo ndipo mpaka.

Kuufungua ni rahisi, tangu Emacs ya 28 iliyotolewa mwaka 2022. Bonyeza Ctrl pamoja na x, uachie, kisha p mara mbili. Utaona orodha ya miradi uliyowahi kuifanyia kazi. Chagua mmoja, kisha bonyeza f utafute faili.

Sasa sikilizeni vizuri. Tuseme una mradi wa duka na mradi wa shule, na yote miwili ina neno "mali". Wataka katika duka neno hilo liwe "bidhaa". Ukilibadili katika faili moja tu, zile kumi na tisa zitaendelea kutaja jina la kale, na programu itakwama. Ukilibadili kompyuta nzima, umeharibu shule.

Basi, ukiwa ndani ya mradi wa duka, bonyeza Ctrl na x, kisha p, kisha r. Andika neno la zamani, halafu jipya. Emacs itakuonyesha kila mahali neno lilipo na kungoja jibu lako: y ni ndiyo, n ni hapana. Usibonyeze y kama mtu apigaye ngoma! "Mali" imo pia ndani ya "malipo", nawe utajikuta na "bidhaapo". Ukimaliza, bonyeza Ctrl na x, kisha s, uhifadhi kila faili.

Kabla ya somo lijalo, fungueni miradi miwili, na katika kila mmoja mtafute faili moja. Kwa herini.