Nyama mubichi mezani Addis Ababa: tukule ao tukatae?

Wale wanaotoka Lubumbashi kwenda kununua vitu Dubai wanaujua muji wa Addis Ababa kwa sababu ya kubadilisha ndege. Wengi hawaoni kitu zaidi ya uwanja. Sisi, watu watatu, mara hii tulilala kule siku 2, na tumerudi na habari ya sahani moja ambayo tunaibishania hata leo.

Tulifika Jumatano. Tukaomba nyama, wakatuletea dengu na majani juu ya injera, ule mukate mupana, wenye uchachu, wa unga wa tefu. Wakristo Waorthodoksi wa Ethiopia hawagusi nyama, mayai wala maziwa Jumatano na Ijumaa. Mwenyeji wetu, mzee aliyejifunza Kiswahili alipokuwa dereva Nairobi, akatuambia: « Ngojeni. Kesho mtakula kitfo. »

Kesho yake kweli ikaletwa. Ni nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, iliyokatwakatwa kwa kisu mpaka ikalainika, ikachanganywa na siagi ya kuyeyushwa yenye viungo, na mitmita, pilipili ya unga inayochoma kweli. Pembeni kulikuwa jibini nyeupe, majani yaliyokatwa kama lenga-lenga yetu, na kocho, mukate wa Wagurage, ambao ndio wenye kitfo. Kocho inatoka katika muti unaofanana na mugomba, lakini hawakuli matunda yake: wanakwangua shina, wanazika ndani ya shimo mpaka ichachuke, kisha wanaoka.

Mwenzetu akatazama sahani. « Yaya, hii nyama haiko ya kuiva! » Ilikuwa nyekundu, na vuguvugu ya siagi tu.

Lakini shida kubwa haikuwa sahani. Ilikuwa mukono. Kule, mwenye kukuheshimu anakunja chakula ndani ya injera na kukitia kinywani mwako yeye mwenyewe: hiyo ndiyo gursha. Kuikataa ni sawa na kumurudishia mama bukari yake mbele ya wageni. Na mukono wa kwanza ulielekea kwa dada yetu, mwenye mimba ya miezi 4.

Nyama mubichi inaweza kubeba toxoplasmosi, ugonjwa unaoweza kumudhuru mtoto tumboni. Inaweza pia kubeba tenia, mnyoo unaoweza kupita mita 5. Waethiopia wenyewe wanamujua sana mnyoo huyu: toka zamani wanakunywa dawa ya maua ya muti wa kosso ili kumufukuza.

Dada akaushika ule mukono kwa mikono yake miwili, akasema polepole: « Papa, mimi niko na mimba. Munganga alinikataza nyama mubichi. » Tukanyamaza. Tulifikiri urafiki umekwisha.

Mzee akacheka, akaita jikoni: « Yebesele! » Maana yake, iliyoivishwa. Kumbe kitfo inaliwa kwa namna 3: mubichi kabisa, leb leb, iliyopashwa moto kidogo, na yebesele. Hakuna anayemucheka mutu kwa ile anayochagua. Sahani ikarudi ikiwa ya rangi ya kahawa, na gursha ikaingia kinywani mwa dada. Ikafuata ya pili, kwa maana moja peke yake haitoshi.

Sisi wawili tulichagua leb leb, tukijiona werevu. Ilikuwa tamu na laini, pilipili ikapanda mpaka puani. Tuliporudi Lubumbashi, munganga alituchekelea: moto kidogo hauui mbegu za tenia zilizojificha ndani ya nyama. Tumemeza dawa ya minyoo. Dada hakumeza kitu.

Kabla ya kuachana, mzee alituuliza: « Nami nikija kwenu, mtanilisha nini? » Tukajibu: bishimu. Tulipomueleza kuwa ni viwavi vya porini, vya kukausha, akaondoa mukono mezani. « Papa, utuulize tu namna tunavyopika », dada akamwambia, na sisi wote tukacheka.

Basi, ninyi mnaosafiri, musione haya kusema ukweli mbele ya chakula cha watu. Kukunja uso ndiko kunamuumiza mwenyeji. Kumueleza kwa heshima hakumuumizi. Na mukipita Addis Ababa, mujifunze neno yebesele kabla ya kupanda ndege.