Mapafu yetu na mbabula chumbani



Wakati wa mvua, usiku ukiwa na baridi, wengi kati yetu tunapenda kuingiza mbabula ndani ya chumba na kufunga mulango na dirisha. Wakubwa wakikataza, tunajibu: «Moshi hakuna tena, makala yamekwisha kuwaka muzuri!» Jibu hilo ndilo tunataka kuchunguza katika nambari hii, lakini kwanza tuone namna gani tunapumua.

Hewa inaingia kwa pua. Pale inapata joto na unyevu, na nywele za pua zinashika mavumbi. Kiisha inapita kooni na kushuka katika bomba la hewa, lenye urefu wa santimetri 10 ao 12 hivi. Bomba hilo linagawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila pafu. (Pafu la kushoto ni dogo kidogo, juu moyo nao unahitaji fasi.) Matawi yanaendelea kugawanyika, sawa muti uliogeuzwa kichwa chini, mpaka kufika kwa vifuko vidogo sana. Mutu mukubwa ana vifuko hivyo karibu milioni 300 ao zaidi. Kama tungevitandaza chini, vingefunika metre 70 hivi za mraba, ni kusema sakafu ya darasa nzima!

Mapafu yenyewe hayawezi kujivuta. Kiwambo, ule musuli wa chini ya mbavu, kinashuka, mbavu zinapanda, kifua kinapanuka, na hewa inaingia kama dawa inavyoingia katika sindano wakati munganga anavuta.

Ukuta wa vifuko ni mwembamba sana, na nyuma yake damu inapita. Oksijeni inaingia katika damu, gazi karboniki inatoka. Hewa tunayovuta ina oksijeni 21 kwa mia. Ile tunayotoa ina karibu 16 tu, na gazi karboniki karibu 4. Ndani ya damu, hemoglobini ndiyo inabeba oksijeni, sawa vile chukudu inabeba mizigo ya soko.

Sasa, nini inatulazimisha kupumua? Wengi watajibu: kukosa oksijeni. Hapana, zaidi ni gazi karboniki. Mutu akifunga pumzi, gazi hiyo inaongezeka katika damu, ubongo unaisikia, na unamulazimisha kuvuta hewa hata kama hataki. Ni kama kengele.

Wandugu wa upande wa Goma wanajua mazuku, yaani gazi karboniki inayotoka chini ya udongo na kulala katika mabonde madogo, zaidi asubuhi kama upepo hauko, kwa kuwa ni nzito kupita hewa mara moja na nusu. Pale kengele inalia, lakini gazi ikiwa nyingi sana, mutu anaanguka kisha kupumua mara chache tu. Watoto na mbuzi wanakufa mbele, juu vichwa vyao viko karibu na udongo.

Mbabula ni adui mwingine. Makala yakiwaka katika chumba kilichofungwa yanatoa monoksidi ya karboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi mutu. Inashika hemoglobini kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi: chukudu zote zimejaa muzigo mubaya. Na gazi karboniki inaendelea kutoka vizuri, basi kengele hailie hata kidogo! Mutu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anafikiri ni usingizi tu.

Mukimukuta mwenzenu hivi, fungueni mulango, mumutoe inje mara moja, kiisha hospitali. Hata katika hewa safi, nusu ya gazi hiyo inabaki katika damu karibu masaa 4 ao 5. Wakimupa oksijeni safi, muda huo unapunguka kufika saa moja na nusu hivi.