Kutoka Egesarate hadi Zizi la Mbao

Zamani kijana wa Kigusii aliyekwisha kutahiriwa hakukaa nyumbani kwa mama yake. Alihamia egesarate, kambi ya ng'ombe yenye ua mzito, akaishi huko na wenzake. Mchana walichunga, usiku walilala na mikuki yao karibu. Huku Magwagwa, kaskazini mwa kaunti ya Nyamira nchini Kenya, kuelekea Sondu, Wakipsigis wako upande mmoja na Wajaluo upande mwingine, na wote hao waliwapenda ng'ombe kama sisi. Wizi wa mifugo, tuseme kweli, ulikwenda pande zote.

Ng'ombe ndiye aliyefunga ndoa. Mahari huitwa chiombe, yaani ng'ombe, na wale walioletwa kwa ajili ya binti ndio waliotumika kumwozea kaka yake. Kwa hiyo shangazi alikuwa na sauti katika nyumba ya kaka yake, maana mke wa kaka huyo alipatikana kwa ng'ombe wa mahari yake.

Waingereza walikuja na misafara ya kijeshi mwaka 1905 na 1908, wakaondoka na maelfu ya ng'ombe. Kisha, mnamo 1912, wakaamuru kambi zivunjwe, kwa kuwa vijana wenye silaha waliwatia hofu. Ng'ombe wakarudi bomani. Malisho ya ukoo yakaanza kugawanywa kuwa mashamba. Yakaja majani chai, baba akawagawia wana, nao wakawagawia wana wao. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 katika Nyamira, kaunti isiyofika hata kilomita za mraba 1,000. Utachunga wapi?

Jibu la watu wa hapa ni zizi la mbao, ng'ombe wa gredi mmoja au wawili, na majani ya nepia yaliyopandwa kando ya chai na kwenye matuta. Ng'ombe haendi malishoni tena, malisho humjia yeye. Samadi inarudi kwenye ndizi na mahindi, maziwa yanauzwa asubuhi, na yanayobaki hugandishwa yawe amabere amaruranu, ambayo mgeni wa heshima bado hutengewa pamoja na ugali wa wimbi. Ndoa nayo imebadilika: wapo wanaolalamika kwamba mahari sasa hulipwa kwa simu. Mimi naona ajabu kwamba hata fedha hizo bado zinahesabiwa kwa ng'ombe.

Lakini mzigo umehama. Kazi iliyokuwa ya vijana sasa ni ya mama: yeye ndiye anayekata nepia, anayebeba maji, anayekama. Nepia nayo ina ugonjwa wa kudumaa unaoigeuza manjano na kuipunguza kimo, na shamba dogo likishadumaa hakuna lingine la kukimbilia.

Kuna wanaoichukua Magwagwa kuwa somo kwa wafugaji wa kuhamahama kama Wasamburu na Wamaasai: tulieni, fugeni wachache. Wanasahau mvua. Hapa hunyesha karibu mwaka mzima. Kule, ng'ombe asiyehama hufa, na ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini, mingi ikiwa ya maeneo hayo makavu. Kwao kuhama ndiko kunakoilinda ardhi. Waachiwe njia zao. Nasi wa Nyamira tuanze na jambo lililo mikononi mwetu: malipo ya maziwa yaandikwe kwa jina la yule anayekata majani.