Kiflemi: Asili na Maana ya Jina

Makala haya yananuia kufafanua asili na maana ya jina Kiflemi, au Vlaams kama wasemavyo wenyewe. Hoja yetu ni kwamba asili ya jina la lugha haitoshi kutueleza mipaka yake ya leo. Mipaka hiyo huchorwa na historia ya wanaolitumia.

Tuanze na etimolojia. Wanaisimu wengi hulihusisha jina hili na mzizi wa Kijerumaniki cha kale wenye maana ya mkondo au mafuriko. Mwanzoni mwa Zama za Kati, nyanda za pwani karibu na mji wa Bruges zilivamiwa na maji ya bahari mara kwa mara. Mzizi huo ndio uliozaa Vlaanderen (Flandria), yaani nchi yenyewe. Vlaming, mwenyeji wake. Na Vlaams, kivumishi kinachotaja pia usemi wake. Msomaji atakumbuka neno la Kiarabu sawahil, 'pwani', lililotupa Mswahili na Kiswahili. Majina yote mawili yalianza kwa kutaja mahali kabla ya kutaja watu na lugha.

Kimaana, jina hili limepanuka mno. Kuanzia karne ya 9 lilihusu milki ya makabaila wa Flandria, ambayo sehemu zake leo zimo Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi. Mji wa Antwerp ulikuwa chini ya Brabant, hivyo mwenyeji wake hakuwa Mflemi. Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830, Kifaransa kilitawala serikalini, nalo jina Mflemi likaja kuwajumuisha Wabelgiji wote wa kaskazini wasemao Kiholanzi. Leo mtu wa Antwerp ni Mflemi, ilhali kwa wataalamu wa lahaja usemi wake ni Kibrabanti. Kwao, Kiflemi kwa maana finyu ni lahaja za Flandria Magharibi na Mashariki.

Je, Kiflemi ni lugha au lahaja? Swali hili liliwagawa Waflemi wenyewe katika karne ya 19. Mshairi Guido Gezelle (1830–1899), mzaliwa wa Bruges, alitunga kwa kutumia hazina ya lahaja ya magharibi. Wengine walishikilia kuwa lahaja zilizotengana hazingeweza kushindana na Kifaransa mahakamani na shuleni, wakaunga mkono usanifu mmoja na Uholanzi. Msimamo huu ndio ulioshinda. Sheria ya 1898 iliipa matini ya Kiholanzi ya sheria za nchi hadhi sawa na ile ya Kifaransa. Mwaka 1930 Chuo Kikuu cha Ghent kikaanza kufundisha kwa Kiholanzi, na mwaka 1980 pande hizo mbili zikatia sahihi mkataba wa Muungano wa Lugha ya Kiholanzi. Katiba ya Ubelgiji hutaja eneo la lugha ya Kiholanzi, si la Kiflemi.

Sisi tuliorithi uteuzi wa Kiunguja dhidi ya Kimvita katika mkutano wa Mombasa wa 1928 tunaijua gharama ya maamuzi kama haya. Usanifu huipa lugha nguvu ofisini, lakini kile kilichoachwa nje hakikosi watunzi wala wapenzi.

Kwa kuhitimisha, mfasiri akutanapo na jina hili aulize kwanza: ni nchi, ni watu, ni lahaja, au ni Kiholanzi cha Ubelgiji kinachotajwa? Vilevile, anayemnyima msemaji wa bara Kiswahili chake kwa kuwa jina latoka pwani na azingatie mfano wa Antwerp.